Mafuta na pedi za breki: Anachopaswa kujua dereva kabla ya kuteremka kutoka Kikopey

MADEREVA wanaotumia barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru huifahamu Kikopey kwa nyama choma. Katika kituo hicho kilichoko baina ya Gilgil na Nakuru, magari madogo, matatu na malori huegeshwa kandokando ya barabara huku wasafiri wakisubiri nyama iive. Kwa wengi waendao Eldoret, Kisumu, Busia au Malaba, hapo ni pahali pa kunyoosha miguu na kula kabla ya kuendelea na safari.

Hata hivyo, Kikopey iko baina ya miteremko miwili. Msafiri aliyetoka Nairobi amekwisha kushuka ukuta wa Bonde la Ufa, ama kwa kupitia Kinungi hadi Naivasha, au kwa njia ya zamani ya Mai Mahiu. Mbele yake barabara huteremka tena kuelekea Ziwa Elmenteita na Mbaruk. Gari likisimama Kikopey kwa muda wa saa moja, breki zake hupoa kabisa. Hapo ndipo dereva hudanganyika.

Pedali ya breki iliyokuwa imelegea katika mteremko wa Kinungi huwa imerudi kuwa ngumu kufikia wakati wa kulipa bili ya nyama. Dereva huikanyaga mara moja, akaiona iko sawa, akaondoka. Hata akilipeleka gari kwa fundi siku ya pili, huenda fundi naye asione kasoro yoyote. Ukweli ni kwamba hakuna kilichopona. Mafuta ya breki yaliyochemka yamepoa tu, nayo yatachemka tena katika mteremko unaofuata.

Barabara za eneo hili na zile zinazopakana nalo zimewahi kushuhudia maafa makubwa yaliyotokana na magari kumshinda dereva. Mnamo Desemba 2016, lori lililobeba kemikali inayoshika moto kwa wepesi liligonga magari mengine katika eneo la Karai, Naivasha, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mnamo Juni 30, 2023, lori lilivamia watu na magari katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya Kericho kuelekea Nakuru, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Malori makubwa hutumia breki za hewa, wala si mafuta. Lakini sheria ya joto na msuguano ni moja kwa lori la tani nyingi na kwa gari dogo la familia.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua vitu viwili ambavyo mwenye gari dogo au matatu hununua mara kwa mara bila kuuliza maswali mengi: mafuta ya breki na pedi za breki.

Breki hufanyaje kazi?

Dereva anapokanyaga pedali, husukuma pistoni ndani ya silinda kuu ya breki. Pistoni hiyo husukuma mafuta yaliyojaa katika mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu. Mafuta hayo hayakubali kubanwa yakapungua ujazo, na kwa hiyo nguvu ya mguu hufika gurudumuni karibu yote. Hapo hubana pedi mbili dhidi ya diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Katika magari mengi ya bei nafuu, magurudumu ya nyuma hutumia breki za ngoma, ambamo viatu vya breki husukumwa kwenda nje na kugusa ukuta wa ngoma.

Breki haziui mwendo wa gari. Huugeuza kuwa joto. Kila mara gari linapopunguzwa kasi, diski na pedi hupata moto, na joto hilo sharti lipotelee hewani. Katika barabara tambarare kuna nafasi ya kupoa kati ya kukanyaga kwa kwanza na kwa pili. Katika mteremko mrefu nafasi hiyo haipo.

Hesabu ndogo yaweza kumsaidia msomaji. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria na mizigo likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, breki hupokea nishati ya takriban jouli 370,000. Gari hilo hilo likiteremka mita 500 za kimo bila kuongeza mwendo, nishati inayopaswa kuzuiwa ni zaidi ya jouli milioni 7. Iwapo breki peke yake ndizo zinazolizuia, ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa mara 20 mfululizo. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji. Aidha, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na magurudumu ya mbele.

Maji ndani ya mafuta

Mafuta ya breki yanayotumika katika magari mengi hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli. Kemikali hizo zina tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Unyevu hupenya polepole kupitia mipira ya breki, kifuniko cha chupa na kila mara chupa inapofunguliwa. Hakuna tundu linaloonekana wala tone linalodondoka, na kiasi cha mafuta katika chupa hakibadiliki. Lakini mwaka baada ya mwaka maji huongezeka ndani yake.

Maji hayo hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huchemka. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, hutokea viputo vya mvuke. Tofauti na mafuta, mvuke hubanika. Dereva akikanyaga pedali, nguvu ya mguu wake huishia kubana viputo badala ya kusukuma pedi. Pedali hulegea, na pengine huzama hadi sakafuni, ilhali gari linaendelea na mwendo wake.

Jambo la kuhadhari ni kwamba viputo hivyo hutoweka breki zinapopoa. Mvuke hurudi kuwa maji na kuchanganyika tena na mafuta. Ndiyo sababu ushahidi hupotea. Ndiyo sababu pia dereva aliyeokoka mteremkoni huambiwa kwamba alikuwa na wasiwasi wa bure.

Hatari nyingine hutokea pale gari linaposimamishwa ghafla baada ya mteremko mkali. Upepo uliokuwa ukipoza diski hukoma, na joto lililohifadhiwa ndani yake huhamia kwenye kalipa na mafuta. Kwa hivyo pedali yaweza kuwa ngumu wakati wa kuegesha, kisha ikalegea dakika chache baadaye.

Maana ya alama ya DOT

Kwenye chupa za mafuta ya breki huandikwa DOT 3, DOT 4, DOT 5 au DOT 5.1. Herufi hizo ni kifupi cha jina la Idara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo viwango vyake vimekubaliwa karibu ulimwengu mzima. Kila daraja lina viwango viwili vya chini vya joto la kuchemka: kimoja cha mafuta mapya, na kingine cha mafuta yaliyokwisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7.

DOT 3: mafuta mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205 Selisiasi, yenye maji, kabla ya nyuzijoto 140.

DOT 4: mapya nyuzijoto 230, yenye maji nyuzijoto 155.

DOT 5.1: mapya nyuzijoto 260, yenye maji nyuzijoto 180.

DOT 5: viwango vya joto ni sawa na vya DOT 5.1, lakini hutengenezwa kwa silikoni, si glikoli, na kwa kawaida huwa na rangi ya zambarau.

Msomaji akizitazama tarakimu hizo kwa makini, atagundua jambo ambalo wauzaji wengi wa spea hawalitaji. Mafuta ya DOT 4 yaliyozeeka huchemka kwenye nyuzijoto 155, ilhali DOT 3 mapya hustahimili hadi 205. Kwa maneno mengine, umri wa mafuta ni muhimu kuliko daraja lake. Mwenye gari anayenunua chupa ya bei ghali na kuitumia kwa miaka sita yuko hatarini kuliko yule anayetia mafuta ya kawaida na kuyabadilisha kwa wakati.

Watengenezaji wengi wa magari hupendekeza mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halijatembea kilomita nyingi. Unyevu hauhesabu kilomita. Gari lililokaa muda mrefu Mombasa, ambako hewa ni nzito kwa unyevu, lahitaji uangalifu zaidi kabla ya kupandishwa bara na kukabiliwa na miteremko.

Soma kifuniko

Jibu la swali la mafuta gani yanunuliwe kwa kawaida limeandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, chini ya boneti, na katika kijitabu cha gari. Magari mengi yaliyoko Kenya yaliingizwa kutoka Japan yakiwa yamekwisha kutumika, na baadhi yake yana maandishi ya BF-3 au BF-4. Hizo ni alama za viwango vya Japan. BF-3 hulingana na DOT 3, na BF-4 hulingana na DOT 4.

Gari lililoandikiwa DOT 3 kwa kawaida laweza kutiwa DOT 4, na dereva anayepita miteremko mara kwa mara akiwa na mzigo atafaidika kwa kufanya hivyo. Lakini gari lililoandikiwa DOT 4 halipaswi kurudishwa kwenye DOT 3. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yakichanganyika hayaharibu mfumo, ila mchanganyiko huo hupoteza ubora wa yale ya daraja la juu.

DOT 5 ni jambo jingine kabisa. Haipaswi kuchanganywa na hizo nyingine, na haifai kwa magari yenye mfumo wa ABS unaozuia magurudumu kukwama. Majina ya DOT 5 na DOT 5.1 yanakaribiana mno, na mnunuzi asiyekuwa makini aweza kupewa moja badala ya nyingine. Neno silikoni kwenye chupa na rangi ya zambarau ndizo dalili za kutazama.

Ni mwiko kutia katika chupa ya breki mafuta ya injini, mafuta ya usukani au mafuta ya giaboksi. Mafuta ya madini huvimbisha mipira ya breki na kuiharibu. Hata kiasi kidogo kikiingia, fundi huenda akalazimika kuosha mfumo wote na kubadilisha mipira iliyoguswa. Vilevile, mafuta ya breki yasinunuliwe katika chupa iliyokwisha kufunguliwa, wala kupimiwa kutoka kwenye mtungi. Chupa iliyofunguliwa miezi kadhaa iliyopita na kubakishwa kwenye rafu ya gereji imekuwa ikinyonya unyevu muda wote huo.

Rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Mafuta mapya huwa meupe au ya manjano hafifu, na yakizeeka huelekea kuwa ya kahawia au meusi. Lakini mafuta masafi kwa macho yaweza kuwa na maji mengi. Gereji zilizo na vifaa hutumia kipimo kidogo mfano wa kalamu ambacho hukadiria kiasi cha maji. Pasipokuwa na kipimo, kalenda ndiyo shahidi wa kutegemewa: andika tarehe ya kubadilisha mafuta kwenye karatasi na kuibandika chini ya boneti.

Mafuta yakipungua, uliza kwanza

Madereva wengi wakiona mafuta ya breki yameshuka katika chupa huongeza mara moja. Hilo ni kosa linaloficha jambo muhimu. Pedi zikilika, pistoni za kalipa husogea mbele na mafuta zaidi hubaki nyuma yake. Kwa hivyo, mafuta kushuka polepole kwa miezi mingi ni dalili kwamba pedi zinaelekea kwisha. Kuongeza mafuta bila kutazama pedi ni sawa na kuzima taa ya onyo. Isitoshe, pedi mpya zitakapofungwa, mafuta ya ziada yatafurika na kuharibu rangi ya gari, kwa kuwa mafuta ya glikoli hubambua rangi.

Yakishuka ghafla, basi kuna mahali yanapovuja, na gari halipaswi kuendeshwa mpaka likaguliwe.

Aina za pedi

Pedi ya breki ni kipande cha chuma kilichogandishwa mchanganyiko mgumu wa kusugua. Mchanganyiko huo ndio hutofautisha pedi moja na nyingine.

Pedi za ogania hutengenezwa kwa nyuzi zisizo za chuma, raba na gundi maalumu. Ni laini, hazina kelele na haziumizi diski, lakini hulika haraka, na nyingi hupungua nguvu mapema zinapopata joto kali. Zinamfaa mtu anayetumia gari mjini zaidi.

Pedi zenye chuma ndani yake, kama vile nyuzi za feleji na unga wa chuma, hustahimili joto vizuri zaidi. Hufaa magari yanayobeba mzigo na kupita milima. Kasoro zake ni kelele, vumbi jingi, na kulika kwa diski.

Pedi za kauri hutoa vumbi kidogo, hazipigi kelele na hudumu. Bei yake ni ya juu. Nyingi hutengenezwa kwa ajili ya utulivu na usafi, si kwa mizigo mizito, na kwa hivyo neno kauri kwenye boksi lisichukuliwe kuwa thibitisho la kufaa mteremkoni.

Kanuni iliyo salama kwa mwenye gari la kawaida ni kununua pedi za aina ileile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari, au zinazolingana nazo. Anayebeba abiria 14 kila siku kati ya Nakuru na Nairobi ana sababu ya kuchagua pedi zenye chuma.

Kuna aina moja ambayo haifai kununuliwa hata kwa bei ya kutupa: pedi zenye asbesto. Shirika la Afya Ulimwenguni limethibitisha kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Anayeathirika zaidi ni fundi, ambaye huvuta vumbi lake kila anapofungua gurudumu. Kwa sababu pedi nyingi haziandikwi zilichotengenezewa, mafundi wanashauriwa kutopuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa mashine ya upepo. Walilowanishe na kulifuta kwa kitambaa kibichi.

Herufi mbili zenye siri

Nyuma au pembeni mwa pedi nyingi huchapwa mfululizo wa herufi na tarakimu ambao huishia kwa herufi mbili, kwa mfano FF, EE au GG. Herufi ya kwanza huonyesha nguvu ya msuguano breki zikiwa na joto la kawaida, na ya pili zikiwa na joto kali. E humaanisha mgawo wa msuguano wa kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55.

Pedi yenye herufi FE, basi, hupungua nguvu inapopata moto, ilhali FF hubaki katika kiwango kilekile. Kwa mtu anayeishi Gilgil, Naivasha au Nakuru, herufi ya pili ndiyo yenye maana zaidi. Ikumbukwe hata hivyo kwamba herufi hizo huonyesha msuguano tu. Hazielezi pedi itadumu kwa muda gani wala ubora wa gundi iliyoishikilia kwenye chuma.

Alama nyingine ya kutafuta ni herufi E ndani ya duara pamoja na maandishi R90. Hiyo ni kanuni ya kimataifa inayotumiwa hasa Ulaya. Huhitaji pedi za mbadala zifanye kazi kwa kiwango kisichotofautiana na zile za mtengenezaji kwa zaidi ya asilimia 15.

Bidhaa ghushi

Katika maduka ya spea, yakiwemo yale ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ambayo wengi huyafahamu kwa jina la Grogan, mnunuzi hukuta pedi za gari moja zikiuzwa kwa bei zinazotofautiana mno. Si kila bidhaa ya bei nafuu ni mbaya, wala si kila ya bei ghali ni halisi. Lakini Waswahili husema rahisi ni ghali, na breki ni mahali ambapo ghali hiyo hulipwa kwa maisha.

Mnunuzi atazame iwapo boksi limefungwa vyema, iwapo jina la kampuni limeandikwa bila makosa, na iwapo nambari ya pedi kwenye boksi inalingana na ile iliyochapwa kwenye chuma. Atazame pia iwapo mchanganyiko umeshikana na chuma bila nyufa wala mwanya. Pedi isiyokuwa na maandishi yoyote ni ya kuepukwa. Kadhalika, aangalie alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), na adai risiti yenye jina la duka. Kwa anayeshuku kwamba ameuziwa bidhaa bandia, ipo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, taasisi iliyotokana na sheria iliyopitishwa mwaka 2008.

Kufunga na kuzoesha

Pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja. Kubadilisha upande mmoja hulifanya gari livute upande pindi breki zinaposhikwa. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikibaki milimita 3, wakati wa kuzibadilisha umewadia. Nyingi zina kipande kidogo cha chuma kinachogusa diski na kutoa mlio mkali zinapokaribia kwisha. Mlio huo usipuuzwe.

Fundi apime pia diski. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa kawaida umechapwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyokonda hupata moto haraka, na pedi mpya juu yake haziwezi kufanya miujiza. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zisafishwe na kupakwa grisi inayostahimili joto. Grisi au mafuta yasiguse uso wa pedi.

Wakati wa kubadilisha mafuta, mfumo hutolewa hewa gurudumu baada ya gurudumu mpaka mafuta yanayotoka yawe mapya na yasiyo na viputo. Utaratibu wa gurudumu lipi lianze hutofautiana kati ya magari, na baadhi ya magari yenye ABS huhitaji kompyuta. Mafuta yanayotoka yasirudishwe katika chupa.

Pedi mpya zahitaji kuzoeshwa. Katika barabara isiyo na msongamano, dereva apunguze mwendo kwa upole mara 10 hadi 20, kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, akiacha nafasi ya kupoa. Si busara kufunga pedi mpya asubuhi na kuteremka Mai Mahiu na mzigo adhuhuri.

Pedali husema

Dereva anayeijua lugha ya pedali ataweza kumweleza fundi tatizo kabla halijafichika.

Pedali ikilegea baada ya mteremko na kurudi kuwa ngumu ikipoa, mafuta yamechemka. Yabadilishwe.

Pedali ikiwa ngumu lakini gari halisimami, na kukawa na harufu ya kuungua, pedi zimepata joto kupita kiasi. Zikaguliwe pamoja na diski.

Pedali ikizama polepole gari likiwa limesimama na mguu ukiwa juu yake, kuna uvujaji au mpira wa silinda kuu umechoka.

Gari likivuta upande mmoja, yawezekana kalipa imekwama. Pedali ikitetema, yaelekea diski haina unene sawa.

Namna ya kuteremka

Hakuna mafuta wala pedi zitakazomwokoa dereva asiyejua kuteremka. Gia ndogo iingizwe kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake, ili injini isaidie kuzuia gari. Gari la gia za otomatiki lina nafasi ya L, 2, S au B kwa kazi hiyo. Breki zikanyagwe kwa uthabiti kisha ziachiliwe zipoe, badala ya kuweka mguu juu yake kutoka kileleni hadi bondeni.

Kuteremka gari likiwa fri kwa nia ya kuokoa petroli ni hatari isiyo na faida. Injini nyingi za kisasa hukata petroli zenyewe gari linapoteremka likiwa kwenye gia. Kuzima injini ni hatari zaidi, kwani msaada wa nguvu za breki hutoweka baada ya kukanyaga mara chache.

Pedali ikizama ghafla, dereva aipige haraka mara kadhaa, ashushe gia moja baada ya nyingine, na avute breki ya mkono polepole akitafuta mahali pa kupanda au pa kutokea barabarani.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuendesha barabarani gari ambalo hali yake ni hatari kwa watu. Lakini polisi hawezi kuona maji yaliyomo ndani ya mafuta ya breki. Anayeweza kujua ni mwenye gari, na anayeweza kukumbuka jinsi pedali ilivyokuwa Kinungi ni dereva.

Kwa hivyo, kabla ya kuondoka Kikopey, inafaa dereva afungue boneti na kutazama chupa ya mafuta ya breki iwapo imo kati ya alama mbili. Achungulie magurudumuni kama kuna unyevu wa mafuta. Akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia kwa nusu dakika, aone kama inazama. Na iwapo ililegea katika mteremko aliotoka, asiseme imepona kwa sababu sasa ni ngumu. Aende taratibu kwa gia ndogo hadi kwa fundi wa karibu, huko Gilgil au Nakuru, ayabadilishe mafuta kabla ya kuendelea na safari.